Maswali ya Wasomaji: Egal, Waziri Mkuu Aliyekwenda Arusha

Katika toleo lililopita, tulipoeleza jinsi mji wa Arusha ulivyozoea kupokea wageni wanaokuja kupatana, tulimtaja kwa mstari mmoja tu Mohamed Haji Ibrahim Egal, Waziri Mkuu wa Somalia aliyefikia hapo makubaliano na Kenya mwezi Oktoba 1967. Mstari huo mmoja umetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wengi wanauliza mtu huyo alikuwa nani. Wengine, hasa walioandika kutoka kaskazini mwa Kenya na pwani ya Lamu, wanauliza kama watu wenye deni la kudai. Tumechagua barua saba, tukazifupisha pale zilipokuwa ndefu, na safu yote ya mwezi huu tumempa yeye.

*

Ndugu Mhariri, mmeandika kwamba Egal alipata kuwa waziri mkuu mara mbili, na kwamba mara ya kwanza alikaa madarakani siku tano. Je, hilo si kosa la uchapaji? – Msomaji, Morogoro

Si kosa, ndugu yetu. Wakati wa ukoloni Wasomali waligawanywa mafungu matano: moja chini ya Waingereza upande wa kaskazini, moja chini ya Waitalia upande wa kusini, moja chini ya Wafaransa kule Djibouti, moja ndani ya Ethiopia na moja ndani ya Kenya. Nyota nyeupe ya ncha tano katika bendera ya Somalia ndiyo inayoyahesabu mafungu hayo. Fungu la Waingereza lilikuwa na makao yake Hargeisa na bandari yake Berbera, na huko kaskazini ndiko Egal alikozaliwa mwaka 1928, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa Berbera, ambaye naye alishika biashara ya baba yake kabla ya kuzama katika siasa. Tunaomba msomaji alikumbuke hili la biashara, kwa maana litarudi.

Katika uchaguzi wa Februari 1960 chama chake, Somali National League, kilipata viti 20 kati ya 33, naye akawa kiongozi wa serikali ya ndani. Tarehe 26 Juni 1960 Waingereza waliondoka, na Egal akawa waziri mkuu wa nchi huru iliyoitwa Somaliland. Tarehe 1 Julai fungu la Waitalia nalo lilipata uhuru, na siku hiyo hiyo nchi mbili zikaungana kuwa Jamhuri ya Somalia yenye makao makuu Mogadishu. Hesabu mwenyewe: ni siku tano. Hakupinduliwa wala hakushindwa kura. Alikubali, pamoja na wenzake, kwamba nchi aliyokuwa akiiongoza ikome kuwapo.

*

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Sisi Watanzania tunao Muungano wetu na tunajua mambo yake. Nimesoma kwamba Egal alipewa uwaziri baada ya muungano wa Somalia kisha akajiuzulu. Je, alikuwa mpenda muungano au mpinzani wake? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanetu. Alikuwa yote mawili kwa nyakati mbalimbali, na ukitaka kumwelewa anza na makaratasi, si hotuba.

Bunge la Hargeisa lilipitisha sheria yake ya muungano tarehe 27 Juni 1960. Mogadishu haikuipitisha sheria hiyo. Ilikuwa na hati yake, yenye maneno yake. Kwa hiyo watu waliungana kwa furaha, bendera ikapandishwa, lakini karatasi mbili zilizopaswa kuwa moja hazikufanana, na ilibidi kungoja hadi Januari 1961 kupata sheria moja iliyosema kwamba muungano ulikuwa halali tangu 1 Julai. Maofisini mambo yalikuwa magumu zaidi. Faili lililotoka Hargeisa liliandikwa kwa Kiingereza, la Mogadishu kwa Kiitaliano, na Kisomali, ambacho kila mmoja alikizungumza nyumbani, kilikuwa bado hakijakubaliwa hati ya kukiandikia. Makarani wawili waliweza kupiga soga kutwa nzima juu ya kikombe cha chai bila kukosa neno, kisha kila mmoja akarudi mezani kwake asiweze kuisoma barua ya mwenzake. Sheria za mahakama zilikuwa tofauti, na ushuru wa forodha vilevile.

Na mgawanyo wa madaraka ulikuwaje? Bungeni kusini ilikuwa na viti 90 na kaskazini 33. Rais, Aden Abdulle Osman, alitoka kusini. Waziri Mkuu, Abdirashid Ali Sharmarke, naye alitoka kusini. Makao makuu yakawa kusini. Egal, aliyekuwa waziri mkuu mwezi Juni, mwezi Julai akawa Waziri wa Ulinzi, na baadaye akahamishiwa Elimu. Kura ya maoni ya katiba ilipofanyika Juni 1961, watu wengi wa kaskazini hawakwenda kupiga kura, na kati ya waliokwenda wengi walisema hapana, ingawa kwa hesabu ya nchi nzima katiba ilipita. Desemba mwaka huohuo maofisa vijana wa jeshi, waliopata mafunzo Uingereza, walijaribu uasi kaskazini. Ulizimwa upesi, lakini walipofikishwa mahakamani waliachiwa huru kwa hoja kwamba hapakuwa na sheria halali ya muungano waliyoivunja. Karatasi zile mbili zilikuwa zimerudi kuidai nchi.

Egal hakwenda njia ya wale vijana. Mwaka 1962 alijiuzulu uwaziri, na mwaka uliofuata akashirikiana na wanasiasa wa kusini walioukimbia upande wa serikali kuunda chama kipya, Somali National Congress, kilichopata viti 22 katika uchaguzi wa 1964 mbele ya chama tawala cha Somali Youth League kilichopata 69. Angalia vizuri hapo: manung'uniko yake yalikuwa ya kaskazini, ila chama alichokiunda hakikuwa cha kaskazini peke yake. Mwaka 1966 akapiga hatua nyingine iliyowaudhi wafuasi wake wengi, akajiunga na chama tawala chenyewe. Waliomwita kigeugeu walikuwa na ushahidi wa kutosha. Kwa maoni ya safu hii, alikuwa ameona kwamba mlango wa madaraka Mogadishu ni mmoja, na mtu anayesimama nje akigonga huzeeka hapo nje.

Tarehe 10 Juni 1967 Bunge lilimchagua Sharmarke kuwa Rais kwa kura 73 dhidi ya 50 za Aden Abdulle Osman. Osman alikubali kushindwa na kuondoka kwa amani, jambo ambalo Afrika ya wakati ule ilikuwa bado haijalizoea hata kidogo. Mwezi Julai Sharmarke akamteua Egal kuwa Waziri Mkuu, mtu wa kwanza kutoka kaskazini kushika cheo hicho katika jamhuri iliyoungana.

*

Assalaam alaykum. Mimi ni Mbajuni. Wazee wetu walihama vijiji vya bara kwa sababu ya shifta, wakaacha mashamba yao, na mpaka leo tunasimuliana. Huyo Egal alikubali nini hasa Arusha? Jirani zangu Wasomali wengine husema aliwauza ndugu zao. Aliuza au hakuuza? – Msomaji, Lamu

Wa alaykum salaam. Swali lako ndilo zito kuliko yote, na utatuwia radhi jibu likirefuka.

Neno lenyewe kwanza. Shifta ni neno lililotoka Ethiopia, lenye maana ya mhalifu aliyekimbilia porini, na serikali ya Kenya ililitumia kwa kusudi: kumwita mtu shifta ni kukataa kwamba ana madai ya kisiasa. Hata hivyo madai yalikuwapo. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume katika eneo la kaskazini mwa Kenya lililojulikana kwa herufi zake za Kiingereza NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na tume ikakuta kwamba Wasomali, waliokuwa wengi katika sehemu kubwa ya eneo hilo, walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikaamua kwamba sehemu yao itakuwa mkoa ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba, na kabla mwezi huo haujakwisha serikali mpya ilikuwa imekwisha kutangaza hali ya hatari upande wa kaskazini.

Yaliyofuata wewe na watu wa kwenu mnayajua kuliko sisi. Vituo vya polisi vilishambuliwa, mabomu yakafukiwa barabarani, malori yakasafiri kwa misafara yenye walinzi. Wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo iliyokutwa nje ikataifishwa au ikapigwa risasi. Waborana wa Isiolo huiita miaka ile Gaafa Daba, wakati mambo yaliposimama. Kwenu Wabajuni, walioishi bara kuelekea Kiunga na Ishakani, hawakuwa upande wowote wa vita, lakini walivamiwa, wakavuka kwenda visiwani au wakashuka hadi Malindi na Mombasa. Juni 1966 Kenya ikakata biashara na Somalia. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere alikuwa amewakutanisha viongozi wa nchi hizo mbili hapohapo Arusha, na mazungumzo yakavunjika.

Sasa mtazame Egal anapokaa mezani kwake Mogadishu mwezi Julai 1967. Mwezi mmoja nyuma Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita vya Waarabu na Israeli, na ndizi za Somalia, zao lililoleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni na ambalo mnunuzi wake mkuu alikuwa Italia, zikalazimika kuzunguka bara zima la Afrika. Mwezi Machi wapiga kura wa Djibouti walikuwa wamehesabiwa kuwa wameamua kubaki na Ufaransa. Vita vya mpakani na Ethiopia mwaka 1964 havikuongeza hata shubiri moja ya ardhi. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964 ulikuwa umeamua kwamba mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni iheshimiwe, na Somalia ikabaki karibu peke yake, pamoja na Morocco, katika kulikataa azimio hilo. Mtoto wa mfanyabiashara wa Berbera alielewa maana ya kukaa na bidhaa ambayo sokoni hakuna anayeitaka huku kodi ya duka ikiendelea kulipwa kila mwezi.

Mwezi Septemba, kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika mjini Kinshasa, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwaleta pamoja Egal na Makamu wa Rais wa Kenya, Daniel arap Moi. Walitoa tamko kwamba kila nchi itaheshimu mamlaka na ardhi ya mwenzake na kwamba watakutana tena. Mkutano huo wa pili ndio uliofanyika Arusha. Tarehe 28 Oktoba 1967 Mzee Kenyatta na Egal walifikia hati ya makubaliano, Mwalimu akiwa mwenyeji na Kaunda mpatanishi. Nchi zote mbili ziliahidi kurudisha amani pande zote za mpaka, kurudisha uhusiano wa kibalozi, kuacha kushambuliana kwa maneno katika redio na magazeti, kuondoa hali ya hatari hatua kwa hatua, kufikiria upya biashara baina yao, na kuunda kamati ya pamoja, Zambia ikiwa mwenyekiti, ya kufuatilia yote hayo na kuendelea kutafuta suluhisho la tofauti zilizobaki. Januari 1968 uhusiano wa kibalozi ulirudi.

Soma tena orodha hiyo utaona kisichokuwamo. Hamna neno linalosema Somalia imefuta madai yake, na hamna neno linalosema Kenya itawauliza watu wa kaskazini wanataka nini. Hapo ndipo palipo na uhodari wa Egal, au hila yake, chagua neno. Msimamo wake ulikuwa kwamba Somalia haitafuti ardhi ya mtu, inawatakia Wasomali haki ya kujiamulia, na haki hiyo inaweza kudaiwa bila bunduki. Katiba yenyewe ya 1960 ilisema kwamba jamhuri itatafuta umoja wa maeneo ya Wasomali kwa njia za halali na za amani. Waliokuwa wakipeleka silaha mpakani ndio waliokuwa wameisahau. Hata hivyo Mogadishu alipokewa kwa kelele. Wapo ndani ya chama chake waliotaka atoke, na neno hilo la kuuza, unalolisikia kwa jirani zako, lilianzia huko. Bungeni alipata kura za kutosha kuendelea, na safari za maelewano akazipeleka mpaka Addis Ababa.

Aliuza? Kwa maoni yetu mtu hauzi kisichokuwa mkononi mwake, na NFD haikuwa mkononi mwa Mogadishu hata siku moja. Alichokitoa Egal ni vita ambavyo nchi yake haikuweza kuvishinda, na kwa hicho alipata mpaka ulionyamaza, ubalozi na njia ya biashara. Lawama iliyo ya haki zaidi ni nyingine, na inamgusa yeye, inamgusa Mzee Kenyatta, inawagusa na wapatanishi wao: watu ambao nyumba zao ndizo zilizokuwa uwanja wa vita hawakuwa na kiti kwenye meza ile. Msomali wa Wajir hakuwapo, Mborana wa Isiolo hakuwapo, wala Mbajuni wa Kiunga. Ndiyo maana hati ile haina hata mstari mmoja kuhusu mashamba ya wazee wako.

*

Kama amani ilipatikana 1967, kwa nini sisi tuliendelea kuishi chini ya hali ya hatari? – Msomaji, Isiolo

Kwa sababu ahadi ya kuondoa hatua kwa hatua haikuwekewa tarehe. Sheria za hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki zilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya miongo miwili baada ya Egal kuondoka madarakani. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, ambako vikosi vya usalama vya Kenya viliwaua Wasomali, yalitokea Februari 1984, vita vya shifta vikiwa vimekwisha kitambo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaeleza hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013.

Barua yako imetukumbusha jambo moja dogo. Wasomali wa Somalia wana jina la utani kwa Wasomali wa Kenya: huwaita Sijui. Ni neno letu la Kiswahili, lililovuka mpaka likawa jina la watu. Inasemekana ndilo jibu waliloliokota kwa wenzao waliosomea Kenya. Mpaka ambao Egal alikubali kuunyamazia, lugha ilikuwa imekwisha kuuchora.

*

Je, ni kweli kwamba makubaliano ya Arusha ndiyo yaliyompindua? – Msomaji, Kampala

Yalichangia, ila si sababu kuu. Baadhi ya maofisa wa jeshi, jeshi lililokuwa limekuzwa kwa silaha na mafunzo ya Kisovieti tangu 1963, hawakufurahia kuona madai ya Somalia yakihamia kwenye meza za mazungumzo. Lakini kilichoivunja serikali yake ni siasa za nyumbani, na hapa hatuwezi kumtetea.

Katika uchaguzi wa Machi 1969 vyama zaidi ya 60 vilisimamisha wagombea zaidi ya 1,000 kugombea viti 123. Vyama vingi kati ya hivyo vilikuwa vya ukoo mmoja au vya mtu mmoja na jamaa zake. Chama tawala kilipata viti 73, kukawa na malalamiko ya wizi wa kura na ya fedha za umma kutumika kununulia ushindi, kisha likatokea jambo ambalo hata wazoefu wa siasa za kuhamahama lingewashangaza: wabunge wa upinzani walivuka mmoja baada ya mwingine kwenda upande wa serikali, mpaka akabaki mpinzani mmoja peke yake. Huyo alikuwa Abdirizak Haji Hussein, Waziri Mkuu wa kabla ya Egal. Mtu aliyezoea kupatana alikuwa amepatana na kila mtu, na Bunge likawa duka ambalo muuzaji na mnunuzi ni walewale.

Tarehe 15 Oktoba 1969 Rais Sharmarke alipigwa risasi na mlinzi wake mjini Las Anod akafariki dunia. Egal alikuwa ziarani Marekani; alirudi mbio kusimamia uchaguzi wa rais mpya. Usiku wa kuamkia 21 Oktoba, baada ya wabunge wa chama kukubaliana juu ya mgombea na kabla Bunge halijakutana kupiga kura, vifaru viliingia mitaa ya Mogadishu. Jenerali Mohamed Siad Barre alishika nchi, katiba ikasimamishwa, vyama vikapigwa marufuku, na Egal akakamatwa pamoja na karibu viongozi wote wa kiraia wa miaka ile tisa, marafiki kwa mahasimu.

*

Nilidhani habari zake zinaishia jela, kisha nikasikia kiwanja cha ndege cha Hargeisa kina jina lake. Ilikuwaje? – Msomaji, Muscat

Jela haikuwa moja. Alifungwa tangu mapinduzi hadi katikati ya miaka ya 1970, akatolewa, akapelekwa India kuwa balozi, na haukupita muda mrefu akaitwa nyumbani akakamatwa tena kwa madai ya njama. Alitoka mwaka 1985. Ukijumlisha vifungo viwili unapata zaidi ya miaka kumi ya utu uzima wake.

Siad Barre alianguka Januari 1991, na Mei mwaka huo viongozi wa kaskazini waliokutana Burao walitangaza kwamba muungano wa 1960 umekwisha na Somaliland imerudi kuwa nchi. Egal hakuwa mpiganaji wa vita dhidi ya Siad Barre, na wakongwe wa SNM (Somali National Movement), harakati ya kaskazini iliyovipigana, walimshuku: je, huyu si yuleyule wa Mogadishu? Lakini mwaka 1993, katika mkutano wa wazee mjini Borama uliochukua miezi kadhaa, wajumbe 150 walitakiwa kuchagua mtu wa kuongoza, wakamchagua yeye. Nadhani walimtaka kwa sababu zilezile zilizowafanya wengine wamchukie. Nchi ilikuwa na makundi yenye silaha, hazina tupu, na hakuna serikali yoyote duniani iliyoitambua wala kuikopesha. Egal alikwenda kwa wafanyabiashara waliosafirisha mifugo kupitia Berbera, mji wa baba yake, akakopa kwao akiahidi ushuru wa bandari ambao ulikuwa bado haujakusanywa. Kwa fedha hizo aliwaondoa wapiganaji kwenye vizuizi vyao vya barabarani akawavalisha sare. Mwaka 1994 alitoa sarafu, shilingi ya Somaliland.

Haikuwa kazi safi. Kati ya 1994 na 1996 kulikuwa na vita Hargeisa na Burao, vilivyoanza kwa kugombea ushuru wa kiwanja hichohicho cha ndege ambacho leo kina jina lake. Mwaka 1998 Saudi Arabia ilifunga soko la mifugo baada ya homa ya Bonde la Ufa iliyoanzia kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, na hazina ikayumba tena. Wapinzani walimlaumu kwa kuweka mikoba yote ya fedha kwapani mwake. Mei 2001 katiba ilipigiwa kura ya maoni iliyothibitisha kujitenga, na tarehe 3 Mei 2002 alifariki hospitalini Pretoria, akazikwa Berbera. Siku ileile makamu wake, Dahir Riyale Kahin, aliapishwa, ingawa hakutoka katika ukoo wake wala hakuwa mpiganaji wa SNM, na hakuna risasi iliyopigwa.

Kwa hiyo mtu aliyekubali nchi yake ya siku tano ikome kuwapo ndiye aliyekuja kuiongoza ilipotangazwa tena, kwa miaka tisa. Yule mwanafunzi wetu wa Dodoma ataona kwa nini tulisita kumjibu kwa neno moja.

*

Mnaandika Egal. Rafiki yangu Msomali anaandika Cigaal. Sahihi ni lipi? – Msomaji, Mombasa

Yote mawili. Katika maandishi ya Kisomali herufi C ni ile ‘ain ya Kiarabu, itokayo kooni, ambayo wewe wa Mombasa huna haja ya kufundishwa. Lakini maandishi hayo yalitangazwa rasmi Oktoba 1972, na mwenye jina alikuwa kifungoni. Mwaka 1967, alipokwenda Arusha, lugha yake haikuwa na tahajia iliyokubaliwa na serikali yake mwenyewe, kwa hiyo dunia ikamjua kwa jina kama Waingereza walivyolisikia, na nje ya Kisomali limebaki hivyo hadi leo.